Dumu la Tindikali ya Hidrokloriki Tanga: Lipi Ununue, Lipi Uliache Dukani

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani ukaomba asidi ya kusafishia vigae, utawekewa mezani kimoja kati ya vitu vitatu. Kuna dumu zito la plastiki la lita 20 hadi 30, kizibo chake cha kiwandani na lebo iliyochapwa. Kuna dumu la lita 5 lililojazwa mjini kutoka kwenye pipa, lebo yake karatasi ya fotokopi au maandishi ya kalamu. Halafu kuna chupa ya maji ya kunywa yenye kimiminika cha manjano, haina neno hata moja. Vyote vitatu huitwa asidi, na muuzaji atakwambia ni ile ile.

Si ile ile. Dumu la kiwandani lenye lebo ndilo la kununua, hata kama kazi yako ni ndogo na itakubidi ushirikiane na wenzako wawili kulilipia. Dumu la lita 5 linunue baada ya kulipima, na namna ya kulipima tunaieleza hapa chini. Chupa ya maji iache, hata ukipewa bure.

Dumu zima linapaswa kuwa na tindikali ya hidrokloriki, HCl, ya asilimia 30 hadi 33 kwa uzito. Ya maabara hufika asilimia 37, lakini hiyo kwa kazi za mtaani ni mateso bila faida, maana huo ukali wa ziada huishia hewani kama mvuke. Kwenye lebo tafuta namba UN 1789 na namba ya utambulisho 7647-01-0, alama ya tindikali inayotafuna mkono na chuma, jina la mtengenezaji na tarehe. Lebo nyingine huandika Muriatic Acid. Hilo ni jina la zamani la kitu hicho hicho. Isiyo na asilimia iliyoandikwa haijakamilika, kwa sababu vipimo vyote vya kuchanganya hutegemea namba hiyo moja.

Lita moja ya asilimia 32 ina uzito wa kilo 1.16, na ndani yake mna gramu 371 za HCl halisi. Kiasi hicho kinayeyusha nusu kilo ya chokaa iliyoganda, yaani kalsiamu kaboneti, na kutoa lita 120 hivi za hewa ukaa. Lita hiyo hiyo ikikosa chokaa ikakutana na chuma kitupu, inaweza kula gramu 280 za chuma na kutoa lita 120 za haidrojeni, gesi inayolipuka ikiguswa na cheche. Sasa chukua iliyozimuliwa hadi asilimia 18: lita moja ina gramu 196 tu. Dumu la lita 20 lililozimuliwa hivyo linakupa kilo 3.9 za tindikali mahali ulipolipia kilo 7.4. Kwa hiyo unapolinganisha bei ya duka na duka, usilinganishe dumu kwa dumu. Gawanya bei kwa kilo za HCl zilizomo.

Kupima hakuhitaji maabara. Fundi wa betri za magari ana haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kimiminika kwa ujazo wake, ile bomba ya kioo yenye mpira wa kunyonyea na kielea ndani, iliyoandikwa 1100 hadi 1300. Inafaa kabisa kwa kazi hii. Vaa glavu na miwani, nyonya kidogo, soma namba, ondoa 1000, gawa kwa 5. Ukisoma 1160, inabaki 160, ukigawa kwa 5 unapata asilimia 32. Ukisoma 1150 ni asilimia 30. Kielea kikizama chote chini ya 1100, umeuziwa kitu kisichofika asilimia 20. Kwa joto la Tanga, nyuzi 30 hivi, namba husoma pungufu kwa 5 au 6, basi ongeza asilimia moja kwenye jibu. Kisha suuza kifaa kwa maji mengi kabla ya kumrudishia mwenyewe, la sivyo utamharibia betri, kwani kloridi ni adui wa sahani za risasi.

Haidromita hiyo inafichua na kosa la hatari zaidi. Ikisoma 1200 au kupanda juu yake, hiyo si HCl, kwa sababu hata ile kali kabisa ya asilimia 37 au 38 husimama kwenye 1180 na ushei. Ulichonacho kina uwezekano mkubwa wa kuwa tindikali ya betri, ya salfuriki, iliyoingizwa kwenye dumu lisilo lake. Irudishe. Ukiimwaga kwenye vigae haitaondoa saruji kama ulivyotarajia, maana juu ya chokaa huacha utando wa jasi mweupe unaoziba kazi.

Rangi isikudanganye. Mafundi wengi huamini kwamba ya manjano ndiyo kali na nyeupe imechakachuliwa. Manjano ni chuma kilichoyeyuka humo, aghalabu kutokana na mtambo au chombo ilikopitia. Nguvu haimo kwenye rangi. Tena ile ya manjano iliyokolea huacha madoa ya kahawia kwenye viungo vyeupe vya vigae, madoa ambayo mwenye nyumba atadhani ni uchafu wa fundi. Kwa vigae vyeupe chagua isiyo na rangi.

Duka lenyewe nalo lina la kusomwa. Angalia misumari, bawaba na mabati yaliyo jirani na madumu. Vikiwa na kutu mbichi ya rangi ya chungwa ilhali vya upande wa pili ni vizima, mvuke unatoka: vizibo havifungi, au mtu hupimia wateja humo ndani. Kwenye unyevunyevu wa pwani mvuke wa HCl hushika maji ya hewani na kuwa ukungu wa tindikali, ukatua juu ya kila chuma. Angalia pia kilicho kando ya madumu. Tukikuta tindikali kwenye rafu moja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe au klorini ya bwawa la kuogelea, hatununui chochote hapo. Tindikali ikivujiana na mojawapo ya hivyo hutoa gesi ya klorini, na katika chumba kilichofungwa hiyo inaua. Duka zuri huweka tindikali chini, sakafuni, ndani ya beseni la plastiki linaloweza kupokea dumu zima likipasuka, mahali penye upepo na pasipopigwa jua.

Muuzaji wa kemikali hizi anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tindikali hii pia imo kwenye orodha ya kemikali bashirifu, yaani zinazoweza kutumiwa kutengenezea dawa za kulevya, katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya dawa za kulevya. Basi ukiulizwa jina lako na kazi unayoifanya usikasirike. Muuzaji anayeuliza ndiye anayeijua bidhaa yake.

Sasa kazi yenyewe. Kwa vigae vya kauri vyenye utando wa saruji, bidhaa hii haina mshindani kwa bei yake. Lakini hapa Kiswahili cha mtaani kinatuponza: tunaita vigae vyote marumaru. Marumaru ya kweli ni jiwe la chokaa lililopikwa na ardhi, na tindikali inalila mbele ya macho yako, ung'avu unakufa ndani ya sekunde. Terazo ni hivyo hivyo. Kabla ya yote dondosha tone moja la mchanganyiko kwenye kipande cha kigae kilichobaki. Kikitoa povu, funga dumu.

Kwa kauri, subiri angalau wiki mbili tangu viungo vijazwe. Kwangua saruji nene kwa kipande cha mbao au plastiki, usiiachie tindikali kazi ya patasi. Lowesha sakafu kwa maji safi mpaka viungo vishibe, ili vinywe maji badala ya tindikali. Weka lita 10 za maji kwenye ndoo ya plastiki, kisha mimina nusu lita ya tindikali polepole juu ya maji hayo. Maji kwanza, tindikali baadaye, kila mara. Ukigeuza, tone la kwanza la maji hupata joto ghafla, huchemka na kurusha tindikali usoni. Uwiano huo wa 1 kwa 20 unatosha kwa utando mwingi. Mahali pasugu panda hadi lita 1 kwa maji 10, si zaidi. Fanya mita mbili au tatu za mraba kwa wakati, sugua kwa brashi ya nailoni kwa dakika tatu hadi tano, suuza kwa maji tele kabla hapajakauka. Malizia kwa maji yenye gramu 50 za bikaboneti ya sodiamu kwa ndoo ya lita 10, kisha suuza tena.

Kosa linaloonekana sana ni kumimina kali, haijachanganywa, "ili iende haraka". Kinachokwenda haraka ni viungo. Saruji ya viungo huliwa, vigae hubaki kama meno yenye mapengo, na baada ya miezi michache maji yanapita chini na kigae kinapiga mwangwi ukikigonga. Kosa la pili ni kuitumia bafuni mlango umefungwa. Milango ya alumini, mabomba yaliyopakwa kromu na chujio za stenlesi zote huharibika kwa mvuke tu, bila hata tone kugusa.

Kuna kitu kimoja tunakiomba kwa dhati kwa watu wa Tanga na wa Bagamoyo. Nyumba za zamani za pwani hii zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti ile ile. Ukiosha ukuta wa namna hiyo kwa HCl kuondoa ukoga au weusi, huusafishi, unauyeyusha, na chumvi ya kalsiamu kloridi inayobaki ndani hunyonya unyevu wa bahari mwaka mzima. Ukuta utatoka jasho na lipu itabanduka. Magofu ya Kaole na majengo ya mji wa kale wa Bagamoyo hayapaswi kusogelewa na dumu hili hata kwa uwiano wa 1 kwa 100. Brashi laini, maji na subira ndiyo njia. Kwa zege lenye nondo lililokwisha pata nyufa, hali ni karibu na hiyo: kloridi ikifika kwenye nondo huharakisha kutu, na jengo la ufukweni tayari linapambana na chumvi ya bahari.

Viwandani bidhaa hii inang'aa hasa kwenye boila, mtambo wa kuchemshia maji. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya chokaa, kama ile ya Amboni na Pongwe, hubeba ugumu unaoganda kuwa magamba ndani ya mirija, na magamba hayo huzuia joto mpaka mrija unapata joto kupita kiasi na kupasuka. Ili kupata lita 100 za mchanganyiko wa asilimia 5, weka lita 86 za maji kisha lita 14 za tindikali ya asilimia 32. Hapo ndipo kipimo cha haidromita kinapolipa: lita 14 za ile ya asilimia 18 zingekupa mchanganyiko usiofika asilimia 3, fundi angeona magamba hayaondoki, angeongeza kwa kubahatisha, na siku akipata dumu la kweli angemimina kiasi kile kile akala mirija.

Kwenye boila kizuizi cha kutu, wenyewe wanaita inhibita, hakikosekani. Huwekwa kabla ya tindikali kuingia, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wake. Bila hicho, magamba yakiisha tu tindikali inageukia chuma. Zungusha kwa pampu ya plastiki au iliyofunikwa mpira, joto lisipite nyuzi 60, na vali ya juu iwe wazi muda wote ili hewa ukaa na haidrojeni vitoke. Mtu aliyefunga vali hiyo ametengeneza bomu. Asichomelee mtu, asivute sigara, asitumie taa ya moto jirani. Chukua sampuli kila nusu saa: ikiwa nguvu ya tindikali imeacha kushuka na povu limekoma, kazi imekwisha, hata kama saa zilizopangwa hazijafika. Toa yote, suuza, zungusha maji yenye kaboneti ya sodiamu ya asilimia 1, suuza mpaka karatasi ya pH, ile ya kupimia ukali wa tindikali, isome kama maji uliyoingiza.

Isipelekwe kwenye mitambo ya stenlesi. Viwanda vya maziwa huondoa mawe ya maziwa, yaani magamba magumu yanayoachwa na maziwa, kwa tindikali ya nitriki au ya fosforiki kwa sababu kloridi huchimba vijishimo kwenye stenlesi, vidogo kama ncha ya sindano, na ndani yake bakteria hukaa pasipofikiwa na brashi. Anayekushauri utumie HCl kwenye tanki la maziwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana anakuingiza hasara.

Kwa karakana za kuondoa kutu kwenye chuma kabla ya kupaka zinki au rangi, mchanganyiko wa asilimia 10 hadi 15 bila kuchemsha unafanya kazi safi: lita 1 ya asilimia 32 kwa maji lita 2.5 inatoa asilimia 10, kwa maji lita 1.3 inatoa asilimia 15. Usichovye boliti ngumu sana wala springi, haidrojeni huingia ndani ya chuma hicho na kukifanya kivunjike kama kigae. Na kipande kikitoka kisuuzwe na kupakwa siku hiyo hiyo, maana kwa hewa ya Tanga kutu mpya huanza kabla ya adhuhuri.

Hoteli zenye mabwawa ya kuogelea huitumia kushusha ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kupinga tindikali. Kwa kila mita za ujazo 10, mililita 200 za asilimia 32 hushusha ualkali kwa miligramu 10 kwa lita. Izimue kwenye ndoo ya maji, imwage upande wa kina pampu ikiwa inazunguka, na kamwe isiwekwe pamoja na klorini wala kwa ndoo iliyokuwa na klorini.

Vifaa vya kujikinga ni sehemu ya bei ya bidhaa, vihesabu humo. Glavu ziwe za nitraili nene, neoprini au PVC, ndefu kupita kifundo cha mkono. Zile nyembamba za zahanati hazitoshi. Miwani iwe ya kuziba pande zote, na kwa kumimina dumu kubwa ongeza ngao ya uso na aproni ya plastiki. Buti za mpira, suruali ikiwa nje ya buti, ili tone lisitiririke ndani. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata kidogo. Kinachozuia ni kichujio cha gesi za tindikali, ambacho kwa mpangilio wa Ulaya kina mkanda wa manjano na kwa ule wa Marekani cheupe. Kiwango cha kutokupitwa hata kwa dakika moja kazini ni sehemu 5 kwa milioni hewani, na kwenye sehemu 50 maisha yako hatarini. Pua inawashwa kabla ya hapo, basi ukikohoa toka, usivumilie.

Dumu lililokaa juani huvimba. Lipeleke kivulini lipoe, funika kizibo kwa kitambaa chenye maji, legeza robo mzunguko, ngoja lipumue, ndipo ufungue. Kulisafirisha kwa bodaboda hatukukubali kwa namna yoyote. Liwekwe wima nyuma ya pikapu, lifungwe kamba, abiria wasikae nalo.

Ikimrukia mtu, vua nguo zilizolowa na mwagia maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Usimpake bikaboneti wala chokaa juu ya ngozi, joto la mmenyuko huo huongeza jeraha. Macho yashikiliwe wazi chini ya maji muda huo huo, kisha hospitali, na kwa Tanga mjini ni Bombo, ukiwa na lebo ya dumu mkononi. Aliyekunywa asitapishwe, asukutue tu na akimbizwe. Aliyevuta mvuke mwingi aangaliwe na daktari hata akijisikia nafuu, mapafu huweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Ikimwagika sakafuni, zuia kwa mchanga, kisha ipooze, yaani iondolee ukali. Kwa kila lita ya asilimia 32 unahitaji gramu 855 za bikaboneti, au gramu 540 za kaboneti ya sodiamu, au gramu 380 za chokaa iliyozimwa, na chokaa ni kitu Tanga isichokikosa. Izimue kwanza kwa maji, nyunyiza chokaa kidogo kidogo, ngoja joto lipungue, pima pH ifike kati ya 6 na 9. Maji ya kazi ya vigae nayo yapoozwe hivyo kabla ya kumwagwa. Yasipelekwe karibu na kisima wala kwenye mtaro unaoelekea baharini.

Dumu likiisha, lisuuze mara tatu, maji ya suuzo la kwanza yatumie kama sehemu ya mchanganyiko unaofuata. Bandua lebo, kisha litoboe kitako kwa msumari mnene, kwa sababu dumu zima la plastiki ngumu halikai siku mbili nje ya nyumba kabla ya mtu kulichukua kwenda kutekea maji.